Umepewa moli za prodakti, unatafutwa uzito wa riaktanti: anza hapa

Swali huwa linakuja hivi: umeambiwa moli (yaani idadi ya chembe) za kitu kilichotoka kwenye riaksheni, ndo prodakti, halafu unaulizwa ziliingia gramu ngapi za kitu fulani, ndo riaktanti. Wanafunzi wengi wa kidato cha tatu na cha nne wakipewa gramu za riaktanti watafute prodakti wanaenda vizuri tu, ila ukiligeuza kinyumenyume hivi wanaanza kuhangaika, wanadhani ni fomula mpya ambayo hawakuwepo siku inafundishwa. Hakuna fomula mpya. Na kwa kweli huku kurudi nyuma ndo hesabu yenye kazi zaidi maishani, maana mtu wa kiwandani haanzi kwa kuuliza "nina mawe kiasi gani", anaanza na mzigo anaotaka utoke ndo ajue aagize malighafi kiasi gani.

Njia yote ni hii: moli za prodakti, unavuka kwenda moli za riaktanti, halafu ndo unazigeuza kuwa gramu. Huwezi kuruka kutoka moli za hiki moja kwa moja kwenda gramu za kile, lazima upite katikati, na hapo katikati ndo maksi zinapotea kuliko sehemu nyingine yoyote, kwahiyo nitakaa hapo muda mrefu.

Kabla hujagusa kalkuleta, andika ikwesheni na uibalansi. Ikiwa haijabalansi kila kitu utakachofanya baadaye ni bure hata kama umezidisha vizuri, na usiamini kwamba ikwesheni iliyopewa kwenye swali tayari imebalansi, hesabu atomu mwenyewe kulia na kushoto.

Tuanze na rahisi. Huku pwani, Lamu, Unguja, Kilwa, majumba ya zamani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo kwa kuni nyingi, maana sehemu kubwa ya jiwe lile ni kalsiamu kaboneti. Likipata moto wa kutosha, kama nyuzi 900 hivi, linaachia kaboni dayoksaidi na kinachobaki ni chokaa mbichi, ile kalsiamu oksaidi:

CaCO3 → CaO + CO2

Tuseme unataka moli 50 za CaO. Uchome gramu ngapi za CaCO3? Angalia namba za mbele: CaCO3 ina 1 (haijaandikwa lakini ipo), CaO ina 1. Maana yake kila moli moja ya CaO imetokana na moli moja ya CaCO3, kwahiyo unahitaji moli 50 za CaCO3. Sasa uzito wa moli moja: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu 16 x 3 = 48, jumla 100. Moli 50 x gramu 100 = gramu 5,000, yaani kilo 5. Imeisha.

Ila huu mfano una hatari yake, na ndo maana sipendi walimu wanaofundisha wiki nzima kwa mifano ya uwiano wa 1 kwa 1 peke yake. Hapa hata kama umesahau kabisa kuangalia namba za mbele unapata jibu sahihi, unajiona umeelewa, kumbe ile hatua ya katikati hujaifanya. Siku ikija ikwesheni yenye 2 na 3 unaanguka na hujui umeangukia wapi.

Kwahiyo tuiongelee hiyo hatua. Namba za mbele kwenye ikwesheni zinahesabu vitu, hazipimi uzito. Fikiria fundi anaunga baiskeli: fremu 1 na matairi 2 yanatoa baiskeli 1. Ukitaka baiskeli 10 unajua bila kufikiri ni matairi 20, lakini hakuna mtu atakayekuambia kwamba kilo 20 za matairi zinatoa kilo 10 za baiskeli. Moli ni hesabu ya vichwa hivyohivyo, isipokuwa vichwa vyenyewe ni vingi mno, moli 1 ni chembe 6.02 x 10 kwa nguvu ya 23. Ndo maana uwiano wa ikwesheni unautumia kwenye moli tu. Ukiona unazidisha gramu kwa namba za mbele, simama hapohapo, futa.

Namna ya kuvuka ambayo nawapa wote ninaowafundisha: namba ya kile ninachokitafuta inakaa juu, namba ya kile nilichopewa inakaa chini.

moli za riaktanti = moli za prodakti x (namba ya riaktanti ÷ namba ya prodakti)

Tuipime kwenye kitu kigumu kidogo. Kusini mwa Kenya kuna Ziwa Magadi, na pale kwa zaidi ya miaka 100 wanachimba magadi yaliyoganda juu ya ziwa, ambayo kikemia yanaitwa trona, wanayachoma kupata soda ashi, yaani Na2CO3, na soda ashi ndo inayoenda kutengeneza vioo na chupa. Fomula ya trona inatisha ukiiona mara ya kwanza ila usiikimbie:

2Na3H(CO3)2·2H2O → 3Na2CO3 + CO2 + 5H2O

Hesabu atomu kwanza. Sodiamu 6 kushoto, 6 kulia. Kaboni 4 kushoto, kulia 3 na 1, sawa. Haidrojeni, kila trona ina 1 pamoja na 4 za yale maji mawili, jumla 5, mara mbili ni 10, na kulia maji matano yana 10. Oksijeni kila trona ina 6 na 2, yaani 8, mara mbili 16, na kulia 9 + 2 + 5 = 16. Imebalansi.

Sasa swali: tunataka moli 30 za Na2CO3, tuchome gramu ngapi za trona?

Ninachotafuta ni trona, namba yake 2, inakaa juu. Nilichopewa ni Na2CO3, namba yake 3, inakaa chini. Moli 30 x 2/3 = moli 20 za trona.

Kabla hujaendelea jiulize kama hiyo 20 inaingia akilini. Ikwesheni inasema trona 2 zinatoa soda ashi 3, maana yake trona siku zote zitakuwa chache kuliko soda ashi. 20 ni ndogo kuliko 30, sawa. Aliyegeuza uwiano angefanya 30 x 3/2 akapata 45, na angetakiwa ashtuke palepale kabla hajafika mbali, maana sasa trona zimekuwa nyingi kuliko soda ashi. Haya mapumziko ya sekunde tano yanaokoa maksi nyingi sana, na watu wengi hawayafanyi kwa sababu wana haraka ya kufika kwenye jibu.

Uzito wa moli moja ya trona: sodiamu 3 x 23 = 69, haidrojeni 1, kaboneti mbili 2 x 60 = 120, maji mawili 2 x 18 = 36. Jumla 226. Moli 20 x 226 = gramu 4,520, au kilo 4.52.

Hapa kuna kosa moja naliona kila mwaka, tena kwa wale wanaojitahidi. Mtu anaona kuna 2 mbele ya trona, basi kwenye kutafuta uzito wa moli moja anachukua 226 x 2 = 452, halafu anazidisha kwa moli 20 anapata 9,040. Ile 2 alishaitumia kwenye uwiano! Amehesabu mara mbili kitu kilekile. Uzito wa moli moja ni wa moli MOJA, namba ya mbele haiuhusu hata kidogo, kazi yake inaisha pale unapovuka. Hii iandike pembeni ya daftari.

Na kuna njia ya kujihakiki ambayo haigharimu kitu, kama una dakika moja imebaki: vilivyoingia na vilivyotoka lazima uzito wake ulingane. Trona tuliyochoma ni gramu 4,520. Vilivyotoka ni soda ashi moli 30 x 106 = 3,180, kaboni dayoksaidi moli 10 x 44 = 440, maji moli 50 x 18 = 900. Jumlisha: 3,180 + 440 + 900 = 4,520. Imegonga palepale. Ukifanya hivi ukaona zimelingana unalala usingizi, huna haja ya kumuuliza jirani kapata ngapi.

Wakati mwingine hawakupi moli waziwazi, wanazificha. Wanaweza kukupa ujazo wa gesi, au idadi ya molekyuli, au gramu za prodakti. Kazi yako ya kwanza ni kuvirudisha vyote kuwa moli, baada ya hapo njia ni ileile. Gesi kwenye hali ya kawaida ya nyuzi 0 gawanya ujazo kwa lita 22.4, na kama swali limesema joto la chumbani na wamekupa 24, tumia hiyo 24, soma walichoandika. Molekyuli gawanya kwa 6.02 x 10 kwa nguvu ya 23. Gramu gawanya kwa uzito wa moli moja.

Mfano. Unataka lita 2.24 za gesi ya haidrojeni kwenye nyuzi 0, na una asidi ya haidrokloriki ya kutosha. Ukitumia zinki unahitaji gramu ngapi, na ukitumia alumini unahitaji gramu ngapi?

Kwanza 2.24 ÷ 22.4 = moli 0.1 za H2. Hayo maneno "asidi ya kutosha" yana maana yake, wanakuambia asidi haitakuwa kikwazo kwahiyo iache, shughulika na metali peke yake.

Zinki: Zn + 2HCl → ZnCl2 + H2. Zinki 1, haidrojeni 1, basi moli 0.1 za zinki x 65 = gramu 6.5.

Alumini: 2Al + 6HCl → 2AlCl3 + 3H2. Alumini 2 juu, haidrojeni 3 chini, 0.1 x 2/3 = moli 0.0667. Mara 27 unapata gramu 1.8.

Angalia hiyo tofauti, gesi ni ileile ila zinki inataka gramu 6.5 na alumini gramu 1.8 tu. Sababu ni mbili, atomu ya alumini ni nyepesi kuliko ya zinki, na pia kila moja inatoa elektroni tatu wakati zinki inatoa mbili, kwahiyo alumini moja inafanya kazi zaidi. Mi huwa nawaambia wanafunzi wafanye haya mawili yote kwa pamoja kwasababu ukiyafanya hivyo huwezi tena kuamini kwamba gramu za riaktanti unaweza kuzikisia kwa macho.

Na hapo kwenye 0.0667 usiwe na haraka ya kufupisha. Ukiandika 0.07 kisha ukazidisha kwa 27 unapata 1.89, na jibu sahihi ni 1.80. Acha namba nzima kwenye kalkuleta, fupisha mwisho tu. Au fanya kwa sehemu, 0.1 x 2 x 27 ÷ 3, inatoka 1.8 safi bila kona kona.

Tukija kwenye uzito wa moli moja, makosa ni yaleyale miaka yote. Gesi kama oksijeni, haidrojeni, naitrojeni na klorini zinatembea mbilimbili, kwahiyo O2 ni 32 na wala sio 16. Mabano yanazidisha kila kilichomo ndani, Ca(OH)2 ni 40 + 2 x 17 = 74, na Al2(SO4)3 ni 54 + 3 x 96 = 342. Halafu maji ya kwenye kristali, watu wanayasahau kabisa. Soda ashi kavu Na2CO3 ni 106, ila ile yenye maji kumi, Na2CO3·10H2O, ni 286. Kama unahitaji moli 0.1 basi ya kavu unapima gramu 10.6 na ya kristali gramu 28.6, karibu mara tatu, na unga mweupe wote huo. Ukiwa maabara soma lebo ya chupa kabla ya kupima.

Mpaka hapa tumejifanya kwamba dunia imenyooka, malighafi ni safi na riaksheni inaenda yote mpaka mwisho. Haiko hivyo, na mitihani nayo inapenda kuuliza haya mawili.

La kwanza ni usafi. Rudi kwenye chokaa, tulihitaji kilo 5 za CaCO3. Lakini jiwe halisi lina mchanga na uchafu mwingine ndani yake, tuseme asilimia 80 ndo CaCO3 yenyewe. Unahitaji jiwe kilo ngapi? Hapa wengi wanazidisha, 5 x 0.8 = kilo 4, na hawashtuki kwamba wamepata jiwe chafu jepesi kuliko CaCO3 safi waliyoihitaji iwe ndani ya jiwe hilohilo! Unagawanya: 5 ÷ 0.8 = kilo 6.25. Malighafi ikiwa chafu lazima utumie nyingi zaidi, kwahiyo jibu likipungua umekosea.

La pili ni mavuno, yaani kiasi unachokipata kweli ukilinganisha na kile ambacho ikwesheni inaahidi. Chukua mrututu, zile kristali za bluu, CuSO4·5H2O, ambazo dawa za ukungu za kupulizia kahawa zimetengenezwa nazo kwa miaka mingi. Maabara ya shule unautengeneza kwa kuyeyusha unga mweusi wa kopa oksaidi kwenye asidi ya salfuriki ya moto, unachuja, unachemsha maji yapungue, unaacha ipoe ikae kristali:

CuO + H2SO4 → CuSO4 + H2O

Unataka moli 0.3 za kristali mkononi, na unajua kwa njia hii huwa unapata asilimia 75 tu, kwasababu nyingine inabaki kwenye maji yasiyoganda, nyingine kwenye karatasi ya kuchujia. Basi upangie zaidi: 0.3 ÷ 0.75 = moli 0.4. Hizo 0.4 ndo unazozipeleka kwenye ikwesheni. Uwiano ni 1 kwa 1, na kila moli ya CuSO4 ikishika maji yake inatoa moli moja ya kristali, basi CuO moli 0.4, uzito wa moli moja 64 + 16 = 80, kwahiyo pima gramu 32 za kopa oksaidi. Angalia kwamba asilimia ya mavuno nimeishughulikia upande wa prodakti, mwanzoni kabisa, kabla sijavuka. Ile ya usafi naishughulikia mwisho, upande wa riaktanti, kwasababu uchafu uko kwenye malighafi. Kihesabu ukichanganya mpangilio jibu linaweza kutoka lilelile, ila ukizoea kuweka kila asilimia upande wake hutakaa ujiulize igawanywe au izidishwe.

Kitu kingine kidogo lakini msahihishaji anakiangalia sana: andika vipimo na jina la kitu kila mstari. Usiandike "20" peke yake, andika "moli 20 za trona". Inaonekana kama kazi ya ziada ila ukiwa na mistari sita ya namba tupu hutajua ipi ilikuwa ya nani, na ukikosea mwishoni mwenye kusahihisha akiona hatua zako zimeandikwa wazi anakupa maksi za njia. Namba tupu iliyokosewa haina cha kupewa.

Haya, jaribu haya matatu mwenyewe bila kuangalia juu, halafu ulinganishe.

Kwanza, amonia, ile inayotumika kutengeneza mbolea ya urea: N2 + 3H2 → 2NH3. Unataka moli 4 za NH3, ni gramu ngapi za haidrojeni na gramu ngapi za naitrojeni? Pili, chuma kwenye tanuri: Fe2O3 + 3CO → 2Fe + 3CO2, unataka moli 5 za Fe, ni gramu ngapi za Fe2O3 na ngapi za CO, ukitumia Fe = 56? Tatu, magadi soda ya kupikia inapopata moto: 2NaHCO3 → Na2CO3 + H2O + CO2, unataka moli 0.25 za CO2, na magadi soda yako ni safi kwa asilimia 96 tu, upime gramu ngapi?

Amonia: haidrojeni 4 x 3/2 = moli 6, mara 2 ni gramu 12. Naitrojeni 4 x 1/2 = moli 2, mara 28 ni gramu 56. Hakiki: 12 + 56 = 68, na amonia moli 4 x 17 = 68.

Chuma: Fe2O3 5 x 1/2 = moli 2.5, mara 160 ni gramu 400. CO 5 x 3/2 = moli 7.5, mara 28 ni gramu 210. Vilivyotoka ni chuma gramu 280 na CO2 gramu 330, jumla 610, sawa na 400 + 210.

Magadi soda: 0.25 x 2 = moli 0.5 za NaHCO3, mara 84 ni gramu 42 ingekuwa safi kabisa, gawanya kwa 0.96 unapata gramu 43.75. Ukipata 40.32 umezidisha badala ya kugawanya, na ukipata 87.5 basi ile 2 umeitumia mara mbili.